Nilizika Mugomba, Bwana Yangu Akarudi

Mama Clotilde mupendwa,

Salamu kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa wako, mimi ni musomaji wako wa siku nyingi ingawa gazeti lenyewe ninalipata likiwa limeshafungia mandazi ya watu, na leo ninaomba unisaidie mbio mbio, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo familia ya bwana yangu wananipeleka Kibati nikachimbue mugomba tuliozika, na mimi mukono wangu unakataa kushika jembe.

Acha nianzie mbali kidogo. Ninaishi hapa Mugunga, kwenye nyumba ya mbao, na mutoto wangu mumoja wa kike, Bénie, mwenye miaka kumi. Bwana yangu anaitwa Kamate, mutu wa Butembo, mufanyabiashara wa vitenge, tulifunga ndoa kanisani miaka kumi na mbili iliyopita. Hakuwa mulevi, hakunipiga hata siku moja, chakula nyumbani hakikukosekana, na watu wote wa avenue yetu walikuwa wananiambia nimebahatika. Ugonjwa wake ulikuwa mumoja tu, kuchunguza. Anaaga kwamba anaenda safari ya Butembo, kumbe amefika tu kwenye kona ya barabara ya Sake, saa sita mchana ameshasimama mulangoni anaangalia ndani. Anachukua telefone ya mutu mwingine, anabadilisha sauti, ananipigia eti yeye ni papa fulani aliyeniona sokoni akanipenda, asikie nitajibu nini. Nikitoka kuchota maji, anauliza ku robinet nilifika saa ngapi na nilisimama na nani. Miaka ya kwanza nilikuwa nacheka, nilizani ni mapenzi, mama yangu mwenyewe aliniambia bwana asiye na wivu ni kama hayupo. Na yeye alikuwa na neno lake moja, anapenda kulisema mbele ya wageni, eti bibi hutamujua mpaka siku utakufa.

Ile mwezi wa kwanza ya mwaka jana vita ilipoingia Goma, Kamate alikuwa ametoka asubuhi kwenda mujini kuokoa balo zake za vitenge. Mabomu yakaanza kuanguka kwenye makartie, katikati ya nyumba za watu, stima ikakatika, maji yakakatika, telefone zikanyamaza, na bwana hakurudi. Mama Clotilde, nilimutafuta. Nilipita hospitali zote zinazojulikana na zisizojulikana, nilifunua mashuka kwenye nyuso za watu ambao sitawasahau, nikawa ninaomba musamaha kwa kila mumoja kabla ya kumufunua. Wiki ya tatu mutu mumoja akatuambia alimuona mwanaume mufupi kama yeye akianguka karibu na soko, na kwamba wale walioanguka pale walizikwa wote pamoja, hakuna aliyeandika jina. Tukaamini, kwa sababu siku zile ni nani aliyekuwa na nguvu ya kutoamini.

Muzee Léopold, ndugu ya baba yake Kamate anayekaa Kibati, akasema kwao mutu ambaye mwili wake haukuonekana hawezi kuachwa azunguke bila mahali, lazima azikiwe mugomba. Wakakata mugomba wa urefu wake, wakauvalisha koti la kahawia alilofungia ndoa, wakaufunga kwenye mukeka. Na katika familia yao anayeuweka chini ni bibi, kwa mikono yake. Bénie aliandika kitu kwenye karatasi ya kayée yake ya shule, akakikunja kidogo kidogo, akakitia ndani ya sashe ya plastiki maji yasiingie, akasukuma kwenye mufuko wa lile koti. Alikataa kumuonyesha mutu yeyote, hata mimi. Aliyenishika mukono siku ile ni Lucie, jirani yangu, tunaimba naye korali, na njo marraine wa Bénie, mama yake wa ubatizo. Alilala nyumbani kwangu juma lote la matanga, akipika, akinilazimisha kunywa uji.

Sasa nakuambia kitu ambacho sijamuambia hata padri. Nilipoinama kuweka ule mugomba chini, nilisema polepole, sauti ya kutoka tu kwenye mudomo, Pumzika Papa Bénie, na mimi nipumzike. Na nilipoinuka nilijisikia mwepesi. Nilikuwa ninalia kweli, machozi ya kweli, nilimupenda, lakini katikati ya kulia nikakumbuka kwamba kesho nitaenda kuchota maji na hakuna atakayeniuliza nilifika saa ngapi. Nilijichukia kwa sababu ya ule wepesi. Nikajiapiza nitamulilia vizuri, kwa moyo wote, ili Mungu asiuhesabu.

Na nilimulilia. Nilivaa nyeusi mwaka muzima. Kukatokea papa mumoja, Théoneste, fundi wa mbao aliyekimbia kutoka Kibumba, alikuja kuziba matundu ya bomu kwenye paa letu. Alikuwa mutu wa pole. Alinitumia watu mara tatu waseme kwamba anataka kunioa kwa heshima, mara tatu nikakataa, nikasema mimi niko na mutu wangu Kibati, mwaka haujaisha. Kusema ukweli nilikuwa ninaogopa lile neno langu la kaburini, nilizani nikiolewa itakuwa njo nimelithibitisha. Alingoja, halafu akaoa mwingine kabla ya Noeli. Nilienda kwenye ndoa yake, nikala wali, nikapiga makofi, nikarudi nyumbani kuvaa nyeusi yangu.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, ninaanika nguo, nikasikia majirani wanapiga kelele. Nikageuka. Kamate alikuwa amesimama kwenye kiwanja, amenenepa, iko na viatu vipya, anatabasamu. Nilianguka, Mama Clotilde, wakanimwagia maji. Nilipoamka nilikuwa ninasema asante Mungu, asante Mungu, hilo pia andika, sikutaka kumuficha mutu kwamba nilifurahi. Nilifurahi labda muda wa kuchemsha chai.

Muzee Léopold alikuwa naye, wakakaa inje, kwa sababu aliyezikwa haingii kwa nyumba mpaka kaburi lifunguliwe. Na pale inje bwana akaeleza. Siku ya vita alifuata watu waliokuwa wanavuka mupaka, akafika Gisenyi, mwisho akafika Kampala kwa binamu yake mwenye duka. Wiki ya tatu akapata telefone. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia, akanitazama kama mwalimu anayerudisha makaratasi ya mutihani, na akasema mbele ya wote: «Nimeona. Umenililia, umenivalia nyeusi, yule fundi umemukataa mara tatu. Sasa nakuamini. Na lile neno ulisema kwenye kaburi, eti nipumzike na wewe upumzike, nimekusamehe.»

Lile neno lilisikiwa na mutu mumoja tu duniani, aliyekuwa amenishika mukono. Nikamutafuta Lucie kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye ua, anaangalia miguu yake. Kumbe yeye njo wa kwanza kupigiwa, nikingali ninafunua mashuka hospitalini, akamueleza kwamba tunamuzania amekufa, na bwana akamujibu atuache tuendelee kuzania hivyo, anataka kuona. Kumbe uji wote ule nililishwa na mutu aliyekuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini, akasema alifanya kwa ajili ya ndoa yetu, ili moyo wa Papa Bénie upone.

Sasa familia wanaimba. Majirani wanasema ni wangapi hapa Goma wangetoa kila kitu wafu wao warudi kwa miguu, na mimi nakunja uso, na wana haki, nikikutana na wajane wenzangu wa ile mwezi wa kwanza ninatazama chini. Bénie baba yake alimuletea kanzu ya Kampala, mutoto akajificha nyuma ya mulango, akasema papa yangu iko Kibati. Nilimupiga kofi. Miaka kumi sijawahi kumugusa, nikamupiga kofi kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Tangu siku hiyo anakula akiwa amenigeuzia mugongo.

Mimi njo niliweka, mimi njo lazima nichimbue, halafu bwana aingie, tuwe kama zamani. Nikikataa, Kamate anasema itaonyesha wazi kwamba nilifurahia kifo chake. Nikikubali, ninaingiza kwa nyumba mutu aliyeletewa habari za kilio changu, akakaa kimya mwaka na zaidi. Ule wepesi wangu ni zambi? Ananipenda huyu mutu ao hapana? Nifanye nini Jumamosi?

Mimi Mama Bénie, Mugunga.


MAMA CLOTILDE ANAJIBU

Mama Bénie,

Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikaiweka chini nikaenda kufua, maana sikutaka kukujibu nikiwa na hasira. Nguo zimekauka na hasira bado iko, basi chukua jibu lako hivyo hivyo.

Ninaanza na wewe, usidhani nitaanza na yeye. Kati ya watu wote walio kwenye barua yako ni mmoja tu aliyesema ukweli mbele ya kiwanja kizima, na huyo ndiye uliyempiga kofi. Bénie alizika baba yake. Watu wakubwa wote walimwambia amekufa, wakamwimbia, wakampa uji wa matanga. Leo analetewa mtu mnene mwenye kanzu mkononi, anaambiwa cheka. Ulimpiga kwa sababu majirani walikuwa wanatazama, yaani ulimfanyia lile lile ulilofanyiwa wewe miaka kumi na mbili, ulitaka aonyeshe mapenzi ili watu waone. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwite umwombe msamaha. Usimwombe ukiwa unapika, kaa chini, mwangalie usoni.

Ule wepesi wako si dhambi. Mtu akitua kidumu cha lita ishirini mgongoni, mgongo unapumua hata kama maji aliyapenda. Ulimlilia Kamate na ukapumzika kutokana na uchunguzi wake, mambo mawili kwa wakati mmoja, na moyo wa mtu una nafasi ya yote mawili. Dhambi ingekuwa kumwombea afe, na wewe ulikuwa unafunua mashuka ukiomba asiwe yeye. Kosa lako ni jingine. Ulichukua wepesi ule ukaufanya deni, ukalilipa kwa kumkataa mtu wa pole aliyekuja kwa heshima. Hilo silioni kama uaminifu, ulikuwa woga uliovaa nyeusi. Théoneste ameoa, mambo yake yameisha, usimtafute hata kwa salamu, mwanamke mwenzako yuko ndani.

Sasa bwana. Unaniuliza kama anakupenda. Mimi nakuuliza, ingekusaidia nini? Yawezekana anakupenda sana. Kuna watu wanapenda hivyo, kama mtu anayeng'oa kiazi kila asubuhi aone kama kimekua, halafu anashangaa shamba limekauka. Wazee walishasema, ukimchunguza sana kuku hutamla. Kamate anasema sasa anakuamini. Uongo. Anayeamini ni yule asiyejua na bado akarudi nyumbani. Yeye amejua, ameletewa ripoti, amehesabu machozi mpaka mwisho wa mwaka. Huko ni kukagua, na aliyekagua mara moja atakagua tena, maana mwaka ujao machozi ya mwaka huu yatakuwa yamezeeka. Niliishi na marehemu mume wangu miaka ishirini na sita, na sikujua hata siku moja kilichokuwa moyoni mwake. Nilijua tu kwamba jioni anarudi, na hiyo ilinitosha kupika kwa wawili.

Na usikubali kuitwa mwanamke aliyefaulu. Kufaulu kwako kulihitaji mtoto wa miaka tisa aende kaburini. Mtu aliyesikia habari hiyo kwa simu, akakata simu, akaendelea kuuza kwenye duka la binamu yake, hana cha kukusamehe wewe. Neno hilo, «nimekusamehe», mrudishie alivyolileta.

Lucie nitamsema kidogo tu, kikulacho ki nguoni mwako. Usiende kumtukana kwenye robinet, watu watachota maji na habari yako pamoja. Mwambie mara moja kwamba umejua, na kwamba habari za nyumba yako zimefungwa kwake. Kwenye korali imbeni, wimbo ni wa Mungu. Kuhusu Bénie, marraine anabaki marraine mbele ya kanisa, lakini mtoto asiachwe peke yake mikononi mwa mtu anayejua kunyamaza vizuri namna hiyo.

Mbele ya wajane wenzako usitazame chini. Wao walinyang'anywa na vita. Wewe vita ilikurudishia mume, na mume ndiye aliyekataa kurudishwa. Ukikutana nao wasalimie, na ukiweza waambie ukweli huu huu uliouandika hapa. Watakuelewa kuliko hao wanaoimba kwenye kiwanja chako.

Jumamosi, nenda Kibati, wewe na Bénie. Usibaki nyumbani kama mwenye hatia. Vaa vizuri, nyeusi usiivae tena, umeivaa vya kutosha. Mzee Léopold umsalimie kwa adabu, yeye alizika kwa nia njema na alidanganywa kama wewe. Halafu mbele ya familia yote umwambie hivi, bila kupandisha sauti: «Muzee, mimi niliweka mutu niliyeambiwa amekufa. Aliyekuwa anajua kwamba yuko hai njo achimbue.» Ukishasema, kaa chini. Jembe usilishike hata wakikuwekea mkononi. Mila naziheshimu, lakini mila hiyo ilitungwa kwa ajili ya waliopotea, na Kamate hakupotea, alijificha.

Wakisema basi hataingia nyumbani, waambie hakuna haraka. Mbele ya kanisa bado ni mume wako, sitakudanganya, misa ya marehemu haikufungua ndoa. Kwa hiyo mwende kwa padri, wote wawili, umweleze padri mambo yote pamoja na lile neno la kaburini. Mpaka siku hiyo Kamate alale kwa Mzee Léopold, na akitaka kumwona mtoto aje mchana, aombe kwanza, akubaliwe au akataliwe. Usimwahidi kwamba mtakuwa kama zamani. Zamani ndiyo ilimfikisha hapo.

Na akifukua hatakuta mgomba. Mgomba umeshaoza. Atakuta koti lake la ndoa, na kwenye mfuko atakuta sashe, na ndani ya sashe karatasi ya Bénie. Alitaka mwaka mzima kujua ana thamani gani kwa watu wa nyumba yake, na jibu moja lisilopitia mdomo wa Lucie liko pale chini, kwa mwandiko wa mtoto. Mkono wake utakimbilia kuifungua, unamjua. Umzuie. Karatasi ile haikuandikwa kwa aliye hai. Itolewe udongoni, apewe Bénie mkononi, naye aulizwe mbele ya wote kama anakubali baba yake aisome.

Akikubali, asome. Akikataa, Kamate aishi bila kujua, kama sisi wengine tunavyoishi.

Mama Clotilde